Magari Yote Yanavuta Kulia

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Naandika mimi, Kamaludin bin Faraji, fundi wa miguu ya magari hapa Mji wa Kale. Kalamu si chombo changu. Katika chuo cha Kurani nilisoma kwa herufi za Kiarabu, na hizi nyingine nilijifundisha mwenyewe kwa namba za magari na vitabu vya Benzi, kwa hivyo atakayeona kosa na anyamaze. Naandika kwa sababu maneno yameanza kusemwa, na mimi nataka yangu yawepo.

Leo Gunga amenirudishia gari. Gunga ni Mrabai, yuwafanya kazi Liwatoni kwenye vyumba vya barafu vya samaki, na babake alimwachia Benzi nyeupe ya zamani, ile ya mapezi nyuma. Asipokuwa kazini hubebea maharusi. Hakuna harusi ya maana mjini isiyoitaka gari ile, na miguu yake ya mbele nimeinyoosha mimi tangu enzi za babake.

"Mzee Kamaludin, gari yavuta kulia."

"Wavuta wewe. Gari haina mikono."

"Jana lori laja mbele yetu, na gari yaliendea kama kwamba bwana harusi yumo mle. Bibi harusi amenikamata shingo, hina yote nguoni mwangu."

Nikainama nikatazama tairi. Ya kushoto imeliwa upande wa ndani, ya kulia imeliwa upande wa nje. Yaani zote mbili zimeliwa upande wao wa kulia, kama viatu vya mtu anayetembea ubavuni mwa mlima. Nikamwambia ni mashimo ya ndia za Liwatoni. Akacheka. Sikukipenda kicheko chake.

Kazi yangu haikosei, na nitaeleza kwa nini. Chini ya nyumba yetu, lililokuwa ghala la baba mkwe, mna mawe manne niliyoyalaza kwa mkono wangu mwaka wa uhuru. Kila gurudumu hukanyaga jiwe lake. Niliyapima kwa maji ndani ya mpira mpaka yote yakawa usawa mmoja, ndipo nikayamwagia saruji. Gari ikishasimama hapo natundika timazi mbele ya gurudumu, uzi na risasi yake chini, natazama gurudumu limeinama ndani ama nje, kisha kwa vibati vyembamba nalirudisha wima. Kisiwa kizima chayajua mawe ya Kamaludin. Mzungu mmoja wa bandarini, mwenye Jaguar, alisema mbele za watu kwamba hata kwao hajaona kazi kama hii. Sijisifu, nasema yaliyokuwa.

Na hasara yangu ni hii. Mke wangu Sheikha amepooza upande mmoja tangu mwaka jana. Yuwalala juu, chumba alichozaliwa, nyumba ya babake. Binti yetu Fadhiya na mumewe Mzamil wataka tuhamie kwao Tononoka. Sheikha asema nyumba hii atatoka akiwa amebebwa kwenda makaburini. Nami nasema maadamu mkono wangu wafanya kazi, hatuendi kokote. Kwa hivyo mkono ukisemwa umekwisha, tumekwisha sote wawili.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mwalimu Nicanor, yule anayefundisha kwaya, ameleta Crown yake. Yavuta kulia. Tairi za mbele zimeliwa upande wa kulia, zote mbili. Nikamwambia amezoea kuendesha akiangalia nota. Hakucheka. Alisema, "Mzee, mimi nimekuja kwako kwa heshima. Usinifanye mtoto."

Nikaipandisha mawe, nikatundika timazi. Magurudumu wima kabisa, unywele haupiti. Nikamwonyesha. Akatazama, akaondoka. Gari imemvuta kulia mpaka imepotea kwenye kona. Niliiona kwa mato yangu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua hii si mvua ya vuli tuliyoizoea. Redioni wameipa jina la kigeni. Maji yamekuja na mapipa, viatu, kuku mzima. Uchochoro ulio ubavuni mwa nyumba yetu umekuwa mto, waingia chini ya ukuta wala hautoki. Sikwenda msikitini kuswali Ijumaa, mara ya kwanza kwa sababu isiyokuwa ugonjwa.

Jioni Sheikha ameniita. Maneno yake hutoka polepole, lakini makali ni yale yale.

"Baba Fadhiya, mlango wa chumba hausindiki, wabaki wazi."

"Mbao zimevimba kwa mvua."

"Mbao za babangu hazikuvimba tangu nizaliwe."

"Basi na zijifunze."

Akacheka kwa upande wake mzima wa uso. Mimi kwa kumchekesha mke wangu ni fundi zaidi kuliko kwa magari.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua. Hakuna gari.

Jumatatu, 27 Oktoba

Gunga hakunipitia. Alikwenda kwenye gereji ya Mzamil Tononoka, wakaiweka Benzi kwenye mashini yake ya taa ya kunyooshea magurudumu. Watu wamenieleza kwa furaha, kama wanaoleta posa. Ati sasa yaenda sawa, yawezekana kuachilia usukani.

Mzamil ni mkwe wangu na simchukii. Lakini yeye hutazama namba kwenye kioo, gari yenyewe haitazami. Siku ya kwanza alipokuja kumposa binti yangu nilimpa timazi akaishika kama mtu aliyepewa panya.

Jumapili, 2 Novemba

Gunga amekuja kwa mambo ya breki, macho chini. Nikamkaribisha vizuri, nikamtolea kahawa. Alipokuwa akinywa nikatundika timazi kwenye gurudumu lake.

Limepinda! La kushoto limeinama nje, la kulia limeinama ndani. Nilifurahi hata nikaita watu wa barazani waje waone kazi ya mashini. Wakaja, wakatazama uzi, wakatikisa vichwa. Nikarudisha vibati vyangu mahali pake, nikamwambia Gunga asirudi tena kwa watoto.

"Mzee, lakini ilikuwa yaenda sawa."

"Ilikuwa yakudanganya."

Leo nalala nimeshiba.

Jumatano, 5 Novemba

Gunga ameigonga Benzi kwenye ukingo wa ndia akitoka Kizingo. Ilimvuta kulia mbele ya basi, akaipiga kushoto kwa nguvu, ikapanda ukingo. Yeye mzima. Ndani mlikuwa na bibi harusi na shangazi yake. Shangazi amevunjika mkono.

Hakuja kunitukana. Amemtuma mtu kuja kuchukua kifuniko cha gurudumu alichokisahau kwangu. Ningependa angekuja kunitukana.

Alhamisi, 6 Novemba

Siwezi kula. Sheikha asema nikilia nilie nje, machozi yangu yaongeza unyevunyevu. Nikamwambia silii. Akasema, "Basi paa lavuja juu ya uso wako tu."

Nyevu naye amenikera. Nyevu ni mama wa Kigiriama anayemuuguza Sheikha, mtu wa heshima, lakini leo ameanza: "Mzee, nikipiga deki hapa juu maji yote yakimbilia upande wa uchochoro." Nikamwambia yeye ndiye anayeyafagilia huko. Akaniambia, "Haya, njoo upige wewe."

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekwenda Tononoka. Nataka niandike yote, maana leo ndiyo siku.

Nilichukua timazi yangu nikaitia mfukoni. Niliazimia nimuaibishe Mzamil mbele ya wateja wake. Benzi ya Gunga ilikuwa pale, imeletwa kunyooshwa baada ya ajali, na Mzamil ameshaiseti kwa mashini. Gunga mwenyewe alikuwa ameketi juu ya tairi bovu. Hakuinuka kunisalimia.

"Sabalkheri," nikasema.

"Akheri, Baba," akasema Mzamil. "Karibu. Fadhiya yuko ndani."

"Sikuja kwa Fadhiya. Hii gari umemaliza?"

"Nimemaliza. Iko sawa."

"Wasema wewe ama yasema taa?"

Watu wakacheka. Nikachutama mbele ya gurudumu la kushoto, nikatundika timazi, nikaingoja itulie. Niliyaandaa maneno ya kusema. Maneno mazuri.

Uzi ukatulia. Gurudumu wima.

Nikaenda la kulia. Wima. Nikarudi la kushoto. Nikafuta risasi kwa kanzu, nikatundika tena. Wima kabisa, unywele haupiti. Timazi yangu mwenyewe, ya miaka yote, yakubaliana na taa za mtoto yule.

"Vipi, Mzee?" akauliza mmoja.

Niliwaza hivi: ikiwa timazi ni ile ile, na jicho ni lile lile, na mkono ni huu, na hapa vyatoa jawabu sawa na mashini, basi kwangu vyatoa jawabu lingine kwa nini? Gari ya Gunga, Crown ya Nicanor, na mwezi jana Rover ya daktari niliyemfukuza kwa matusi, zote zimeliwa upande mmoja. Gari moja ikipotea ni gari. Zote zikipotea njia moja, zilichokanyaga ndicho kilichopotea.

Mimi sikosei. Mawe ndiyo yamekosea. Na mawe hayana miguu.

Nilitoka bila kuaga. Mzamil akanifuata mpaka barabarani aniita, "Baba! Baba, kuna nini?" Nikamwambia arudi kazini.

Nyumbani nikatoa mpira wa maji, nikamwita Nyevu ashike ncha moja juu ya jiwe la kulia, mimi nikashika nyingine juu ya la kushoto, upande wa uchochoro. Maji hayana kabila wala jamaa. Upande wa uchochoro umeshuka vidole vitatu. Gari ikisimama hapo hulalia kushoto, na gurudumu ninalolinyoosha wima, likifika barabara iliyo sawa, hulalia kulia.

Tangu mwaka wa uhuru sikuyapima tena. Sikuona sababu. Mtu hupima kazi ya wengine.

Kisha nikapanda juu, chumba cha wageni, nikateremsha timazi dirishani kwa uzi mrefu mpaka chini uchochoroni. Nyevu alikuwa chini na mwavuli.

"Risasi imegusa ukuta?" nikamuuliza.

"Haikugusa, Mzee. Iko mbali."

"Mbali kiasi gani?"

Akapima kwa mkono wake. "Shubiri na zaidi."

Ukuta wote wainamia uchochoro. Si sakafu tu, ni nyumba. Maji ya miaka yamekula chini yake, na nyumba yaondoka. Tairi za watu zimekuwa zaniambia tangu kabla ya mvua hii kukolea, nami nawatukana wenye tairi.

Sheikha yuko juu yake.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwambia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamweleza mawe, timazi, shubiri.

Akanitazama sana. "Mlango," akasema.

"Naam, mlango."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Na mimi siondoki."

Nikasema nyumba itaanguka. Akasema na ianguke, yeye na nyumba wamezeeka pamoja. Nikasema itaniangukia mimi pia. Akasema, "Wewe nenda kwa binti yako, ukapigane na mkwe wako. Mimi niache kwa babangu." Nikamshika mkono wake ule usiosikia, kwa kukosea. Nikauacha, nikashika ule mwingine, naye akauondoa.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Dada yake Sheikha, Bi Swafiya, amekuja. Nusu ya nyumba ni yake kwa urithi, ingawa yeye akaa Kuze na wanawe. Amezunguka vyumba vyote na buibui lake, akipiga kuta kwa ngumi.

"Shemeji, nyumba hii imekaa zaidi ya miaka mia. Imepigwa na mvua ngapi?"

"Si hii."

"Nani amekwambia yaanguka?"

"Tairi."

Nilijua namna lilivyosikika nilipolisema. Akaguna. "Sema kweli. Umepata mnunuzi. Kazi imekushinda, wateja wamekukimbia, sasa wataka kumtoa dada yangu kitandani uuze nyumba ya babetu."

Nilimwita neno ambalo sitaliandika. Sheikha alilia. Swafiya akaondoka na kuapa.

Mzamil amekuja jioni, amepima kwa pimamaji yake. Akakubali sakafu imeshuka. Lakini ukuta, akasema, huenda ulijengwa umeinama tangu zamani, nyumba nyingi za mawe hapa ziko hivyo. "Baba, mimi najua magari. Nyumba sijui. Lakini Mama akija kwetu hakuna hasara." Mtu mwingine angesema ndiyo ili anipendeze. Yeye alisema analolijua akaishia hapo. Nimekaa nikiliwaza jambo hilo.

Ijumaa, 14 Novemba

Ufa umetokea juu ya dirisha la uchochoro. Kidole chaingia.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemtoa.

Sikumtoa kwa ruhusa yake. Mzamil na Gunga walikuja asubuhi, nilikwenda mwenyewe Liwatoni kumwomba Gunga. Nilidhani ataniuliza habari ya shangazi mwenye mkono. Aliuliza tu, "Mgonjwa aweza kuketi ama alale?"

Tulimfunga kwenye kiti kwa leso zake mwenyewe, zile za kujitanda. Nyevu alishika kichwa. Sheikha hakupiga kelele. Kila ngazi tuliyoshuka alikuwa asema, "Kamaludin." Si Baba Fadhiya. Kamaludin. "Kamaludin, usinifanyie hivi. Kamaludin, mbele za watu." Ngazi ile ni ya mbao za msaji, aliijenga babake, na siku ya harusi yetu aliishuka akiwa amevikwa dhahabu. Leo amefungwa leso.

Barazani watu walisimama. Hakuna aliyesaidia. Swafiya alikuwa mlangoni, akasema kwa sauti wote wasikie, "Yuwamtoa mke wake hai nyumbani kwake kama maiti."

Ndani ya Benzi Sheikha alifumba mato mpaka Tononoka.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Sheikha hasemi nami. Asema na Fadhiya, asema na Nyevu, hata na Mzamil. Nikiingia anageukia ukuta.

Kila asubuhi naenda Mji wa Kale kutazama nyumba. Imesimama.

Jumanne, 25 Novemba

Imesimama. Barazani wameniuliza, "Fundi, yaanguka lini, tulete viti?" Mwingine akasema huenda nayo yavuta kulia.

Jumatano, 3 Desemba

Shaabani imeingia. Imesimama.

Nitaandika jambo baya. Leo nilisimama mbele ya mlango, mvua yaninyeshea, nikasema, "Anguka basi." Nikasema kwa sauti. Mke wangu hanitazami, jina langu limekuwa la kuchekea, na mimi namwomba Mungu aiangushe nyumba aliyozaliwa ili niwe nimesema kweli. Mpita njia mmoja alinisikia, akaharakisha.

Kisha nikateremsha timazi. Shubiri moja na vidole viwili.

Jumamosi, 6 Desemba

Sheikha amenisemesha. Alimtuma Nyevu aniite.

"Baba Fadhiya. Nyumba imeanguka?"

"Bado."

"Nirudishe."

"Haiwezekani."

"Basi niahidi. Nikifa nioshwe kule, kwenye chumba cha mamangu, matanga yakaliwe juu kule, nitolewe mlango ule. Hilo tu. Swafiya nimeshamwambia."

Matanga ya mtu kama Sheikha ni wanawake wa mji mzima. Wataketi juu, bega kwa bega, sakafu nzima, siku tatu. Niliona sakafu ile na boriti zake zilizoanza kuchomoka ukutani. Nikasema, "Usiseme ya kufa."

"Niahidi, Kamaludin."

Sikuahidi. Niliondoka chumbani. Naongeza siku chache baadaye: hayo yamekuwa maneno yetu ya mwisho yenye maana, kwani Jumatatu alishikwa tena na kupooza, na baada ya hapo hakusema.

Ijumaa, 12 Desemba

Sheikha amefariki leo baada ya alfajiri, Tononoka, mkono wake mzima kwenye mkono wa Fadhiya. Mimi nilikuwa mlangoni. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nimeandika hayo nikaona nimeweza, basi niandike na yaliyobaki.

Fadhiya alikuwa alia, Mzamil ametoka kwenda msikitini kutoa habari. Nyevu akaja akanivuta kanzu. "Mzee, Bi Swafiya ameondoka na ufunguo. Amesema wanawake waende kule juu watandike mikeka, maiti italetwa ioshwe. Wameshaanza kwenda."

"Wangapi?"

"Wote, Mzee."

Nilimkimbilia Gunga, alikuwa nje na gari, alikuja mara aliposikia. Sikumweleza kitu, nilisema Mji wa Kale tu, naye akaendesha. Swafiya alipitia kwanza kukusanya mikeka na masufuria, kwa hivyo nilifika mbele yake. Mlango wa ghala ufunguo ni wangu.

Ndani mlikuwa na mtaimbo ninaozungushia nati kubwa. Nikasimama chini ya ngazi. Nikafikiri: nitasimama mlangoni niwakataze. Hawatanisikiliza. Nani amenisikiliza? Mimi ni mzee aliyetukana dada mtu, aliyemfunga mke wake kwa leso. Watanisukuma kando kwa heshima, watapanda.

Nikapanda mpaka ngazi ya juu kabisa, nikatia mtaimbo chini ya ubao, nikaung'oa.

Msaji ule ni mgumu. Baba mkwe hakujenga kwa ajili ya kuvunjwa. Nilishuka nikivunja, moja baada ya moja, kila niliposhuka juu hapakuwa na njia tena. Nililia kama mtoto. Ngazi za katikati zina mahali palipolika kwa nyayo zao, zake na za ndugu zake, kama bakuli. Nilivunja hizo pia. Nilikuwa nasema, "Samahani, mwenye nyumba," sijui nikimwambia nani.

Wanawake walifika nimebakisha ngazi za chini. Walisimama mlangoni na mikeka vichwani. Swafiya akaingia mbele. Akatazama juu, akaona pengo, na mbao zimelala chini, na mimi na mtaimbo.

Hakupiga kelele mara moja. Alisema, "Umefanya nini?"

"Hakuna atakayepanda."

"Ni wasia wake. Ni wasia wa maiti, Kamaludin!"

"Nilimsikia."

"Alikwambia kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Na umevunja."

"Nimevunja."

Ndipo alipopiga kelele. Wengine wakamshika. Mama mmoja mtu mzima, sitamtaja, alinitemea mate miguuni, akasema Mungu ataniuliza. Nikamwambia nami ninayo ya kujibu.

Sheikha ameoshwa Tononoka, uani kwa Mzamil, chini ya turubai, mvua yapiga. Tumemswalia baada ya swala ya Ijumaa, tumemzika. Watu walinipa mkono wakitazama pembeni. Gunga alisimama nyuma ya ukuta wa makaburi na mwavuli mpaka mwisho, akanirudisha.

Jumanne, 16 Desemba

Nyumba imesimama.

Jumapili, 21 Desemba

Leo Mzamil ameniuliza tukiwa peke yetu. "Baba, na kama haitaanguka?"

Nilitaka kumwambia itaanguka, mimi sikosei. Ndivyo nilivyojibu watu miaka yote. Nikamwambia sijui. Nikamwambia: nilipima, nikaona, nikachagua, na Sheikha amekufa ameninunia. Ikisimama miaka mia nyingine, nitakuwa nimevunja neno lake bure, na hakuna wa kumwomba radhi. Ikianguka, sitapata furaha.

Mzamil akaniwekea chai. Nadhani nilimkosea mtoto huyu miaka mingi, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Jumatatu, 29 Desemba

Watu wanapiga kura. Mvua. Sina la kuandika.

Jumanne, 6 Januari 1998

Ramadhani. Ufa wa dirishani umefika chini. Nilikwenda ofisi ya mji kuwaambia wafunge uchochoro. Wameniambia watatuma mtu.

Jumapili, 11 Januari

Hawakutuma mtu, kwa hivyo nimejituma. Tangu juzi nasimama uchochoroni, kwenye kona, toka adhuhuri mpaka watu wamalize kwenda sokoni kutafuta vitu vya kufuturu. Kila apitaye namwambia, "Pita upande wa pili. Usitembee chini ya ukuta huu." Wengi hucheka. Watoto wamefanya mchezo, hukimbia waguse ukuta warudi, nami huwafukuza kwa bakora, nao hufurahi zaidi. Wengine hunitii kwa huruma, nawajua kwa namna wanavyosema, "Haya, Mzee, haya." Na watii kwa huruma. Bora wavuke.

Leo alasiri amekuja Bi Swafiya. Hatujaonana tangu siku ile. Alikuwa na mjukuu wake wa kike, na kikapu cha tende. Nikaona buibui kutoka mbali nikataka kuondoka, lakini watoto walikuwa karibu na ukuta, sikuweza. Nikasimama.

Alikuja mpaka hatua chache kutoka kwangu. Nikafungua kinywa nimwambie kama ninavyowaambia wengine. Akanitazama mara moja usoni, na uso wake haukuwa na msamaha wowote, wala sikuutazamia. Hakunisalimia.

Kisha akamshika mjukuu mkono, akamvusha upande wa pili, wakapita.